Jozi ya Tatu

Mama Scholastique alishika jozi ya tatu ya visikilizio, akainusa. Naam, akainusa, kama anavyonusa samaki kabla ya kununua. Arsène, mwenye kibanda cha simu pale sokoni Kasuku, alicheka.

"Mama, hii kitu haiozi!"

"Kizuri chajiuza, baba. Wewe tangu asubuhi unapiga kelele. Leta nisikie."

Mama huyu hutembea kila siku kutoka Mikelenge, beseni la sombe, majani ya muhogo, kichwani. Ungedhani anataka nyimbo za kumfupishia njia. Wapi! Simu yake ilikuwa na kitu kimoja tu cha kusikiliza, na Arsène alikuwa anakufa kwa hamu ya kukijua. Kila jozi aliyopewa, mama aliichomeka masikioni, akasogea kando ya barabara pikipiki zinakopita, akafumba macho, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha alirudi akitikisa kichwa. Ya kwanza, ya waya, ilimtoka sikioni kila alipopiga hatua. Ya pili ilikuwa ngoma tupu, du-du-du, sauti ya mtu ikazama humo.

"Lakini Mama, unatafuta nini humo ndani?"

"Mutu," alijibu.

Na kweli alikuwa anatafuta mtu. Wakati wa vita, treni zilipoacha kuja na mji wetu wa Kindu ukafungika, mumewe Onema alikwenda Punia kuchimba madini ili watoto wale. Hakuwa rafiki wa kalamu, kwa hiyo badala ya barua alituma kanda ya redio. Iliingia mjini ndani ya gunia la mchele, juu ya baiskeli ya mchuuzi. Onema alisema yuko mzima, akasalimia watoto mmoja mmoja, akamalizia: "Baki nyumbani, Skola. Usinifuate huku." Baada ya hapo kanda ilivuma tu mpaka ikakatika. Haikuja nyingine. Mwaka uliofuata zikaja habari kwamba amefariki.

Usinifuate! Neno hilo alilibeba zaidi ya miaka ishirini. Majirani, Mungu awasamehe maana mimi siwezi, walikuwa na jibu tayari: ana mke mwingine huko. Scholastique hakukubali, hakukataa. Alikasirika. Kumkasirikia marehemu ni kazi ngumu kuliko kulima, kwa sababu hajibu hata umtukane vipi.

Juzi juzi fundi redio alimhamishia ile kanda kwenye simu, akamwambia: "Mama, huku mwisho iko watu wanaongea, lakini chini sana." Chini sana! Mwanamke hakulala vizuri tena. Alibana simu sikioni mpaka sikio likawaka moto, akaambulia vuuu. Alitaka kujua, hata kama ni sauti ya huyo mke mwenza.

Jozi ya tatu haikuwa na waya. Alipoichomeka, nayo ililegea sikioni. Arsène akamwambia angoje, akabadilisha vile vipira vya ncha, akaweka vidogo. "Kila mutu na sikio yake, Mama. Ikiregea, sauti inatoroka." Safari hii vilikaa. Mlio wa pikipiki ukarudi mbali, na mvumo wa kanda ukajaa kichwani. Ndani ya mvumo huo alisikia mwanamume mgeni akiuliza:

"Na mguu, haumwambii?"

Halafu Onema, mbali na mashine, akidhani imezimwa. Alicheka kwanza, kile kicheko chake cha puani.

"Nimwambie ule mwamba ulinivunja mguu, na kidonda kinaoza? Haumujui ule mwanamuke. Atakuja kwa miguu, mutoto mugongoni, na njia yote hii iko askari. Acha anikasirikie. Abaki muzima."

Kanda ikakatika.

Pikipiki ilipiga honi, mama hakusogea. Arsène alitoka kibandani, akamvuta mkono taratibu hadi kwenye kivuli cha kibanda. Machozi yalikuwa yanamtiririka na alikuwa anacheka, vyote pamoja.

"Mama, hii ndio nzuri?"

Hakumsikia. Aliongea kwa sauti kubwa, kama wanavyoongea watu walioziba masikio, na soko zima likageuka:

"Ningekuja, Onema! Ulinijua vizuri. Siku ileile ningekuja!"