Silinda ya Kwanza ya Papa Marcellin

Kama mutu anataka kucheka mafundi wa Bukavu, aanze na Marcellin. Mwenyewe atamusaidia kucheka. "Mimi ni docteur wa moteri," husema, "ila wagonjwa wangu hupona wakinikimbia." Lakini ile wiki ya bobini, hata yeye kicheko kilimukauka.

Gari ilikuwa Toyota ya Emérence, mwalimu wa hesabu ambaye mara moja kwa mwaka hushindana mbio za magari za kupanda barabara ya Nyangezi. Alhamisi aliifikisha garaji ikitetemeka kama mutu wa malaria: silinda moja ilikataa kuwaka. Zamani Marcellin angetega sikio tu. Lakini mwezi ule alikuwa amenunua kamashini ka kusoma magonjwa ya gari, na alikuwa akikaonyesha watu kuliko watoto wake. Akakachomeka. Kakaandika: silinda ya kwanza.

"Munaona? Masikio ni ya wazee," akasema yeye, mwenye miaka hamsini na nane.

Bobini ndiyo inayopelekea moto buji, ile plagi ya kuwasha mafuta, na gari ile ina bobini ine, kila silinda na yake. Akakimbia soko ya Kadutu kwa Yolande, muuzaji wa piesi, vipuri vya gari, akaleta bobini mpya na kuifunga kwa silinda ya kwanza. Moteri ikatetemeka vilevile. Akaleta nyingine. Vilevile! Hapo damu ikamupanda. Akarudi sokoni na kupayuka mbele ya wateja watano:

"Maman Yolande, unauzisha watu bobini za bongo, za uongo mutupu!"

Yolande hakupandisha sauti. "Papa Marcellin, kama ni za bongo, nitafunga kibanda. Kama ni nzima, utakuja kuvisema hapa, kwa hawa watu wote, mumoja mumoja."

"Nitakuja!" Loo, mudomo uliponza kichwa.

Jumamosi Emérence akafika, mikono kiunoni. "Papa, mashindano iko kesho. Nifanye nini?"

Kwa haya Marcellin akaweka kamashini pembeni, akarudilia kazi ya masikio. Moteri ikiwa inawaka, akachomoa waya wa bobini moja moja. Ile ya upande wa buati ya vitesi, giaboksi, pale alipofunga bobini ya Yolande: moteri ikadidimia, kumbe ilikuwa nzima. Ya pili, ikadidimia. Ya tatu, vilevile. Ya mwisho, upande wa mikanda: hakuna kilichobadilika. Maiti ndiyo ile.

"Ya ine njo imekufa," akanong'ona.

"Hapana, papa. Ile njo ya kwanza. Toyota tunaihesabia upande wa mikanda."

Marcellin akahesabu tena kwa kidole. Yeye alifundishwa kazi na mapadri, kwa Peugeot zao, na Peugeot huhesabiwa toka upande wa buati ya vitesi. Miaka thelathini alikuwa akihesabu Toyota kinyume, na hakuna aliyejua, kwa sababu sikio halisomi namba. Akahamishia bobini ya Yolande kule mwisho, akarudisha ile ya zamani pahali pake. Moteri ikatulia, sauti safi kabisa. Emérence akacheka mpaka machozi.

"Mapadri walinifundisha kuhesabu zambi," akasema Marcellin, "kwa silinda hawakumaliza." Akacheka naye, kisha akakumbuka Yolande. Angeweza kunyamaza. Lakini alikuwa amesikia kwamba tangu alhamisi watu walikuwa wanapita kile kibanda bila kusimama, na alijua nani aliwafukuza.

Akashuka Kadutu kwa miguu. Yolande alipomuona akaitisha majirani na wale wateja wa alhamisi. "Bobini ni nzima!" Marcellin akasema kwa nguvu. "Wa bongo ni mimi!" Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Yolande hakucheka. Aliwaangalia mumoja mumoja.

"Alhamisi wateja walikuwa watano. Leo naona wane. Floribert alirudia kwao Bunyakiri."

Kesho yake, saa Emérence anapanda Nyangezi kwa sauti ambayo fundi wake aliingojea mwaka muzima, fundi alikuwa nyuma ya pikipiki, barabara ya Bunyakiri, vumbi mpaka kwenye meno. Roho ilimuuma kweli. Alimukuta Floribert kwake, anamenya mihogo. Akamuungamia yote, hata ile ya kuhesabu kinyume.

Floribert akamuangalia kwa huruma. "Aksanti, papa. Ila mimi nilisha kuambia soko nzima ya hapa: bobini za Yolande ni za bongo."

Marcellin akajifuta uso.

"Soko ya hapa inajaa siku gani?"