Mchumba Wangu Anataka Nianguke Makusudi Mbele ya Watu

Mhariri, jina langu lifiche, lakini haya mengine usipunguze hata kidogo. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na minne, mzaliwa wa Mutomo, na kazi yangu ni kushona nguo hapa Malili, kando ya barabara ya Mombasa. Nimechumbiwa. Mbuzi wa ntheo, wale ambao kwetu Ukambani wakishapokelewa msichana ni wa watu, wajomba wa mchumba wangu waliwapeleka kwa baba yangu, na mmoja ameshaliwa. Arusi ni Desemba. Au niseme ilikuwa Desemba, kwa sababu sasa hakuna anayeongea nami vizuri, na yote ni kwa ajili ya mchezo wa televisheni.

Karibu na cherehani yangu kuna duka ambalo mwenyewe alileta mashine ya gemu za kupigana. Unachagua mtu wako kwenye skrini, mwenzako anachagua wake, mnapigana mpaka mmoja aanguke. Vijana wote huchagua wale wenye misuli, wanaoruka na kutema moto. Kuna mmoja ambaye hakuna anayemtaka. Ni kizee kifupi kilichobeba chungu kikubwa mgongoni, na jina lake limeandikwa kwa maandishi ambayo hakuna mtu hapa anayeweza kuyasoma, basi wakamwita Kobe.

Mimi nilimpenda huyo Kobe. Sitadanganya, udhaifu wake ni mwingi. Haruki kabisa. Mikono ni mifupi, moto wa mbali unamchoma tu, na ukimvuka ukatua nyuma yake, kugeuka kwake ni kama trela kwenye njia ya mbuzi. Lakini na yeye ana yake. Akichuchumaa, mateke yote yanaishia kwenye chungu. Na yule anayeruka kwa madaha lazima atue, na akitua mbele ya Kobe anakamatwa kiuno na kutwangwa chini mpaka karibu nusu ya nguvu zake inaisha. Kazi yako ni kuvumilia kuchekwa na kungoja. Wateja wakipungua nilikuwa naingia kucheza. Vijana walinicheka, baadaye wakaacha.

Mchumba wangu, nimwite Mutua ingawa silo jina lake, ndiye aliyekuwa bingwa hapo. Yeye huuza misumari na mabati duka la ng'ambo. Si mtu mbaya. Baba alipolazwa, Mutua alikuwa anakuja Mutomo mwisho wa juma, anamlisha uji kwa mkono wake. Nampenda, niseme wazi. Ila mdomo wake ni mkubwa. Siku moja ya soko alinikuta nikicheza, akaketi kando yangu mbele ya umati na kupaza sauti: "Nyinyi sikieni! Huyu akinipiga na hiyo Kobe yake, basi ni mimi nitaolewa!"

Watu wakacheka. Aliruka, nikamkamata. Akaruka tena, nikamkamata tena. Hakujaribu kitu kingine, ni kuruka tu, na mwenye kumrukia Kobe kwa mbele amekwisha. Mtu wake alipoanguka mara ya mwisho, kijana mmoja akasema, "Asi! Mutua, wewe mbuzi zako tulete lini?"

Tangu hapo anaitwa Bi Arusi. Akipita kituoni wanampigia vigelegele. Namhurumia kweli, lakini ulimi uliponza kichwa, na ulimi wenyewe haukuwa wangu.

Wiki iliyopita shangazi yake alinijia mpaka kwenye cherehani. "Mwiitu," akaniita kwa upole, yaani binti, "Jumamosi utarudi hapo ucheze na yeye, na utaanguka. Watu waone. Mwanaume hawezi kuoa akiwa na jina kama hilo."

"Na nikikataa, shangazi?"

"Ukikataa, mbuzi zetu zitarudi nyumbani."

Mama naye alisikia akaniambia, "Si ni mchezo tu? Anguka uolewe." Hata mke wa pasta, ambaye sikudhani anajua gemu ni nini, alinishauri nijishushe. Nawauliza nyinyi: kama ni mchezo tu, mbona mbuzi wanarudi?

Nikamwita Mutua mwenyewe. Nikamwambia, "Kaa hapa nikuonyeshe. Usimrukie kwa mbele. Simama mbali umchome, halafu umvuke utue nyuma yake, hawezi kugeuka haraka. Jioni moja tu utajua kunipiga, na utanipiga kweli." Wasomaji, nilimpa udhaifu wote wa Kobe bila kuficha hata mmoja. Hakuna mwingine hapa Malili anayeujua. Aliniangalia kama mtu aliyetukanwa. "Mimi nifunzwe na wewe? Wewe anguka tu, hiyo ndiyo ninayotaka."

Hapo ndipo nilipoumia. Nilirudi kwenye cherehani nikalia nikishona, nikaharibu kola ya shati la watu.

Niiteni mkaidi, nimeshaitwa. Akinishinda kweli, mimi ndiye nitakayepiga makofi kuliko wote. Lakini nikianguka kwa kujifanya, yeye atajua na mimi nitajua, na hiyo ndiyo tutakayoingia nayo ndani ya nyumba. Leo nijifanye sijui kucheza, kesho nitaambiwa nijifanye sijui kushona ili dada yake asione vibaya. Hapana. Jumamosi nitaenda, nitamchagua Kobe, na nitacheza vile ninavyojua.

Kinachonikosesha usingizi ni kingine. Je, nimngoje Mutua, labda hasira itamtoka aje kujifunza? Au nimwombe baba awarudishe mbuzi wao kabla hawajawafuata? Mwanaume huyu nampenda bado. Nishaurini, nifanye nini? Ila anayetaka kuniambia nianguke, asipoteze stempu yake.