Kidole cha Fundi wa Mubashara

Ukitaka kumjua fundi anayerusha mtandaoni mikutano ya chama cha wafugaji wa kuku, mtazame mikono. Mmoja haubanduki kwenye kitufe cha sauti. Mwingine unabandika utepe juu ya nyaya sakafuni, maana anaamini kila kiatu cha kiongozi kimeumbwa kuzikwaa. Hotuba hasikilizi. Anatazama vitaa vya sauti vikipanda na kushuka, akitikisa kichwa kana kwamba ameelewa kuliko mimi, na mimi si wa kuelewa kidogo. Mapumziko ya chai yakiitwa, kikombe hakijagusa mdomo wa mwenyekiti, kidole kimeshafunga sauti. Ndiyo maana wanachama wa mbali hawajawahi kusikia mwenyekiti anavyowasema, na wanamchagua kila mara.

Siku ya uchaguzi, chai ilipoitwa, wa mbali wakisubiri kupiga kura kwa simu, mwenyekiti alimwambia mbele za watu, "Wewe wa nyaya, chai yako kanywe nje na madereva."

"Sawa, mzee," fundi akasema, akageuka kukunja waya kiwikoni, taratibu, kitufe cha sauti kakipa mgongo. Mwenyekiti, kipaza sauti kikiwa bado kifuani, akamnong'oneza katibu: "Hao wa mbali wape ahadi yoyote. Kuku na mfugaji wake, akili moja."

Simu ya katibu ikaanza kutetemeka, haikunyamaza.

"Wamesikia?" mwenyekiti akauliza.

"Vizuri sana, mzee wangu," fundi akajibu, akiendelea kukunja. "Leo mtandao haujakwama hata kidogo."