Mkeka wa Binti Mfalme

Harufu ya majani ya kusukia yakikaushwa karibu na moshi bado hunirudisha Kibumba, kwa bibi yangu, tuliyemwita Nyogokuru. Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa nasoma Goma kwa masista, nikipenda kalamu kuliko chakula. Lakini kwetu binti akianza kukua alipelekwa kwa wamama wakubwa, akae mkekani, asuke vikapu na kufundwa adabu mpaka aolewe. Nyogokuru, ambaye baba yangu, Papa, hakuthubutu kumpinga, alikuwa ameshatuma ujumbe kwamba likizo ile ndiyo mwisho wa shule yangu. Nililia njia nzima.

Katika nguo zangu nilificha ukurasa wa gazeti la picha, zawadi ya kuniagia kutoka kwa sista aliyetufundisha. Picha ilikuwa ya binti wa mfalme wa Japani. Sista alitusimulia kuwa asubuhi binti huyo husoma shuleni kama sisi, na jioni wanawake wenye heshima humfundisha kupanga maua, kuandika kwa brashi na kumimina chai bila kumwaga tone. Nilimwonea wivu kweli, wala si kwa jumba lake. Nilitamani zile asubuhi.

Nyogokuru, ambaye hakufichwa kitu, aliuona ukurasa ule siku ya pili. Nikangoja kugombezwa.

"Huyu ni nani?"

"Mutoto ya mwami wa Japani, Nyogokuru."

"Mutoto ya mwami, na anaikala chini ku mukeka?" Akaisogeza picha mlangoni penye mwanga. "Angalia vile amekunja miguu! Bamama wamemufundisha muzuri. Na hii kitabu kando yake?"

"Ni ya masomo. Asubui anasoma, mangaribi anaikala na bamama."

Akacheka hadi mabega yakatikisika. "Mama yake hana bujinga." Akamwita Papa. "Huyu mutoto atarudia Goma. Lakini kila vakansi, masomo ikifungwa, ni mukeka yangu."

Papa aliitika upesi mno, nikajua naye alikuwa akiliomba hilo kimoyomoyo.

Nilikuja kuwa mwalimu, na chaki zangu nilizibeba katika kikapu nilichosuka Kibumba. Wajukuu zangu wa mtaa wa Katindo, Goma, husoma kwenye simu na hawajui kusuka hata kifuniko. Siwalaumu, hakuna mtu anayetaka kuwanyang'anya asubuhi zao. Yule binti mfalme namshukuru, ingawa hakuwahi kusikia jina la Kibumba. Zaidi namshukuru Nyogokuru, ambaye hakujua kusoma hata herufi moja, lakini aliitazama picha ya mtoto wa watu, akatafuta ndani yake sababu ya kuniachilia.