Siku Niliyoziba Kiyoyozi, Mama Mkwe Amekaa Chini Yake

Kusema ukweli hii hadithi si mimi huisimulia, ni mke wangu Mwende, na yeye huisimulia kwenye harusi, kwenye matanga, hata kwenye foleni ya kusaga mahindi, na kila akiisimulia mimi naanguka vibaya zaidi kuliko mara iliyopita, kwa hivyo leo nimeamua kuitoa kwa mdomo wangu mwenyewe. Aibu niliyoipata siku hiyo sijawahi kuona mtu mwingine akiipata, na kama yuko basi alihama.

Wakati huo, miaka ya elfu mbili na kidogo, tulikuwa tunaishi Kyumbi, hapo karibu na njia panda ya kuingia Machakos, na nilikuwa na duka dogo la vifaa vya ujenzi, yaani misumari, rangi, mabomba, gundi. Kaka yangu alikuwa fundi wa kupaka rangi kwenye hoteli moja huko Mombasa, na hoteli ilipobadilisha viyoyozi vyake akapewa kimoja kikuukuu akaniletea. Jameni, kiyoyozi, Kyumbi! Nyumba yetu ilikuwa ya mabati na dari yake ilikuwa chini chini, ikifika mwezi wa pili tunaiva humo ndani kama viazi. Fundi kutoka Athi River akakitundika ukutani juu ya kochi kubwa, na kuanzia siku hiyo nikawa mtu asiyevumilika. Mteja akija kununua msumari namuuliza kwanza kama anasikia joto, ili akisema ndiyo nimwambie kwangu hakuna.

Sasa niwaambie kuhusu mama mkwe, maana bila yeye hii ingekuwa hadithi ya maji tu. Kwetu Ukambani mwanamume na mama mkwe wake wana heshima kali, tunaiita nthoni, hampeani mkono, hamtazamani usoni, akipita njia hii wewe unatafuta nyingine. Na mama huyu, tangu nimuoe binti yake, hakuwa amekanyaga kwangu hata mara moja. Alikuwa amemwambia Mwende, "Huyo bwana yako anaongea sana. Mimi nitakuja siku nikiwa na wajina wangu huko, na nitaangalia kama matendo inafika pale maneno imefika." (Hayo maneno Mwende aliniletea kama yalivyo, hakupunguza hata moja.) Basi mtoto wetu wa pili akazaliwa, msichana tena, tukamwita Nduku, jina la mama mkwe kama desturi inavyotaka, na mama akatuma habari kwamba Jumamosi anakuja kumwona wajina wake, yeye pamoja na akina mama wenzake wa kanisa. Nikamwambia Mwende awaambie waje na sweta. Ndiyo, nilisema hivyo, kwa mdomo huu.

Jumamosi asubuhi nikaamka nikakuta kochi limelowa.

Nikainua macho. Kiyoyozi kilikuwa kinadondosha maji, tone, halafu tone, kwa utaratibu kabisa kama kimeajiriwa. Nikafungua kifuniko nikaona tatizo. Ndani ya kiyoyozi chini kuna trei ya plastiki inayokusanya yale maji ya ubaridi, na mwisho wa trei kuna tundu la mpira unaoyapeleka nje, wa kwetu ulikuwa unatokea kwenye sukuma wiki za Mwende. Trei ilikuwa na ufa, kaufa kadogo tu kama unywele.

Mwende akasema, "Zima tu hiyo kitu, Baba Nduku. Tutafungua madirisha."

Hapo kama ningezima, leo hii hamngekuwa mnanisikiliza. Lakini nilifikiria sweta. Nilifikiria akina mama wa kanisa wamekuja na masweta yao halafu wanakaa wakijipepea na vitabu vya nyimbo. Nikamwambia, "Mtu anayeuza gundi atashindwa na ufa?"

Mwende akanitazama, akageuza mito ya kochi iliyolowa, akaenda kupika.

Nikapanda kwenye stuli na bisibisi yangu na gundi ya mabomba. Trei ilikuwa bado na maji, nikayakausha kwa tambara, na ili uchafu usiingie kwenye mpira nikalisokota lile tambara nikaliziba nalo tundu, vizuri kabisa, nikalisukuma na kidole mpaka likakaza. Nikapaka gundi kwenye ufa. Inafaa uache ikauke, tena sana, hiyo mimi huwaambia wateja kila siku, lakini nilikuwa sijamaliza hata kupuliza pumzi nikasikia honi ya pikapu huko nje na akina mama wanaimba. Wamefika mapema! Nikarudisha kifuniko, nikakaza skrubu, nikawasha mashine, nikaiweka kwenye baridi ya mwisho, nikaruka chini nikakimbia kubadilisha shati.

(Mmeshajua nimesahau nini. Mimi sikujua.)

Wakaingia. Mama mkwe akiwa mbele na gauni la kijani kibichi na kitambaa cha kichwa cha kufanana, mwanamke mrefu, hacheki ovyo. Mwende akamketisha mahali pa heshima, pale katikati ya kochi kubwa, chini kabisa ya kiyoyozi, ili baridi imfikie kwanza. Mimi kwa adabu nikachukua stuli nikakaa karibu na mlango, uso nimeuelekeza pembeni, na nikisikia mazungumzo yao moyo unanenepa.

"Kwani hii nyumba iko na malaria?" akauliza mama mmoja, anatetemeka.

"Ni mashine, Mama Teresia," akasema Mwende. Huyo Mama Teresia ndiye alikuwa mwenyekiti wao. "Ni Baba Nduku ameweka."

"Ameweka kweli," akasema mama mkwe, na akajifunga leso ya pili mabegani. Kutoka kwake hiyo ilikuwa ni sifa. Nilitaka kuiandika ukutani.

Nikatoka nje nikaenda kuangalia ule mpira kwenye sukuma wiki. Siku zote ulikuwa unachuruzika. Siku hiyo ulikuwa mkavu, hakuna hata tone. Na mimi, badala ya kujiuliza maji yamekwenda wapi, nikafurahi! Nikaona nimetengeneza mpaka nimepitiliza, ndani hakuvuji, nje hakuvuji, maji yameisha. Nikampigia kaka yangu Mombasa na simu ya mkono nikamwambia hoteli yenu imepoteza fundi.

Wakati huo huo akina mama wengine walikuwa wanafika, mlango unafunguliwa na kufungwa, sufuria za muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, na za kuku zinaingia zikifuka mvuke, na watu wanaimba kwa nguvu, na ule unyevu wote unapanda kwenye mashine unageuka maji, na maji yanaingia kwenye trei ambayo bwana mwenye nyumba ameziba matundu yake yote, lile baya na lile zuri.

Tukala, tukashiba. Mama mkwe akampakata wajina wake akamtemea mate kidogo kifuani kumbariki, wote tukafurahi, halafu mtoto akalia njaa Mwende akamchukua akaenda naye chumbani (na hilo namshukuru Mungu mpaka leo). Mama Teresia akasimama kufunga kwa maombi. Ni mama anayejua kuomba, alianzia kwa Adamu.

Mimi kwa mlango nilikuwa nimefumba macho, lakini jicho moja halikufumba vizuri, na hilo jicho likaona tone limening'inia kwenye ukingo wa kiyoyozi. Likanenepa. Likaanguka katikati ya kitambaa cha kijani.

Mama mkwe akainua mkono taratibu, akagusa kichwa, akanong'ona, "Amina."

Likaanguka la pili. "Amina," akasema tena, kwa sauti kidogo. Akina mama wengine wakadhani amepokea kitu, nao wakaanza, amina, amina, na Mama Teresia akiona watu wamechangamka namna hiyo akaongeza nguvu, "Tunyeshee baraka, Bwana! Usizinyime! Zishuke!"

Na kifuniko kikaanza kuvimba. Nilikiona kwa macho yangu. Gundi ilikuwa haijakauka, trei imejaa pomoni, na upande mmoja ulikuwa umeanza kushuka.

Sasa niambieni, ninyi mngefanya nini? Siwezi kupiga kelele katikati ya maombi, na siwezi kumwambia mama mkwe ondoka hapo, kwa sababu hata kumsemesha moja kwa moja ni vigumu. Nikaona nitanyata, nitapanda kwenye mkono wa kochi, nitashikilia trei kwa kiganja mpaka amina ya mwisho, hakuna atakayejua. Nikavua viatu. Nikanyata. Nikapanda, mguu mmoja kwenye mkono wa kochi, mwingine kwenye ukingo wa mgongo wa kochi, juu ya kichwa cha mama mkwe, nikaunyosha mkono nikakigusa kifuniko, nakigusa tu jameni, na kifuniko, trei, maji yote ya tangu asubuhi na ute mweusi wa miaka yote ya hoteli vikashuka kwa pamoja kama ndoo.

Mama mkwe akapiga ukelele, "Aii!" Mimi nikashtuka, soksi ikateleza, nikatafuta kitu cha kushika nikashika hewa, suruali ikapasuka kwa nyuma kwa sauti iliyomnyamazisha hata Mama Teresia, nikaanguka.

Wapi? Mimi hapa ndipo huwa namwomba Mwende arukie mbele. Nilianguka mapajani mwa mama mkwe. Kamili. Nimekaa kama mtoto wa kubatizwa, miguu juu ya mkono wa kochi, trei kifuani, tambara likanifuata likatua begani.

Mashine ikawa inaendelea kupuliza, vuuu. Akina mama wamefungua macho, midomo wazi, na Mwende amesimama kwa mlango wa chumba na mtoto, nikaona kwa uso wake kwamba anafikiria ataanza maisha mapya wapi. Mimi nilitaka kuinuka lakini nikikumbuka suruali ilivyo nyuma nikaona heri nibaki, halafu nikikumbuka nimebaki juu ya nani nikaona heri nife. Kwa mara ya kwanza tangu nioe nikamtazama mama mkwe usoni, maana tulikuwa karibu mno sikuwa na pengine pa kutazama. Maji yalikuwa yanamtiririka puani. Ute mweusi umekaa kwenye nyusi moja.

Mdomo wake ukaanza kutetemeka. Nikajua analia, nimemliza mama wa watu. Halafu nikasikia tumbo lake linaruka chini yangu, na kicheko kikatoka, kikubwa, cha mtu aliyekaa nacho miaka mingi, akacheka akinigongagonga mgongoni mpaka machozi yakachanganyika na yale maji mengine.

"Baba Nduku," akasema akivuta pumzi, "miaka yote tumekataa kupeana mkono, na leo nimekupakata! Sasa mkono iko na shida gani? Lete hapa."

Akaushika mkono wangu akautingisha. Nyumba nzima ikaangua kicheko. Mama Teresia, mtu wa mila, akasema kwa jambo kama hilo lazima kijana atoe mbuzi wa faini, na mama mkwe akamkatiza, "Hiyo mbuzi tutaongea baadaye. Nitoeni kwa hii friji kwanza!"

Wakanirushia leso, nikajifunga kiunoni nikatoka kinyumenyume. Mwende akazima mashine kwenye swichi kubwa, madirisha yakafunguliwa, upepo ukaingia wa bure, na chai ilinywewa nje kwenye kivuli cha nyumba, mama mkwe amevaa gauni la Mwende ambalo vifungo vya juu vilikataa kabisa kukutana, na akina mama kila wakitulia mmoja anasema tu "zishuke!" na wote wanaanza upya.

Alikuwa amepanga kurudi nyumbani jioni hiyo hiyo. Akakaa wiki. Alisema anasubiri nguo zikauke.

Jumatatu nikaitengeneza ile trei kama inavyotakiwa. Nilizima umeme, nikaitoa yote nikaipeleka nje, nikaisugua kwa sabuni, nikaianika juani, nikapaka gundi nikaiacha mpaka kesho yake, nikaupuliza ule mpira mpaka ukapitisha hewa, nikaipachika mahali pake, na kabla ya kurudisha kifuniko nikamimina jagi la maji kwenye trei nikatazama yanakwenda wapi. Mama mkwe alikuwa anaangalia yote hayo akiwa ameketi mbali kule mlangoni, amefungua mwavuli, ndani ya nyumba. Maji yalipotokea kwenye sukuma wiki akaenda mwenyewe kuyaona, akarudi, akaufunga mwavuli, akaniambia, "Sasa matendo imefika." Sikuringa. Nilijibu tu asante mama.

Tangu hapo nimeapa kwamba siku ya wageni sitashika bisibisi, hata kama nyumba inazama, na nikitengeneza kitu nakijaribu kwanza juu ya kichwa changu mwenyewe. Mama mkwe hutujia mara kwa mara siku hizi, tunapeana mkono kama watu wa kazini, hakuna anayeshangaa tena. Ila kabla hajaondoka kwake lazima anipigie simu aniulize, "Baba Nduku, umetengeneza nini hii wiki?" Nikimjibu nimetengeneza kitu, chochote kile, hata kitasa, anamtuma mzee wake atangulie.