Honi ya Lori la Majani

Wenzangu tuliolelewa na moshi wa kuni na baridi ya Kibugu, hebu niambieni kama ni mimi niliyezeeka vibaya au ni dunia iliyopotea. Juzi Mwaniki, kijana wa kaka yangu Nyaga, alinikalia sebuleni akinieleza habari za ligi moja ya Ujerumani. Si ile kubwa, hapana. Ni ya chini huko, ya mkoa, ambayo nadhani hata Wajerumani wengine hawana habari nayo. Anajua ilivyoanzishwa, ilivyogawanywa, ilivyounganishwa tena, timu gani ilishuka na kipa gani huoka mikate siku za kazi. Nikamwacha amalize chai yangu. Kisha nikamuuliza kama anaijua ligi aliyoichezea baba yake mwenyewe. Akacheka kwa adabu, akasema, "Shangazi, kwani hiyo ilikuwa inaonyeshwa kwa TV?"

Nilitamani kumzaba kofi, na ndevu zake zote.

Haya basi. Tulipokuwa wadogo, bendera ya Uhuru ikiwa bado mpya pale shuleni, sisi pia tulikuwa na ligi. Ilikuwa ya daraja la chini, Nairobi hawakuijua, lakini kwetu ndiyo iliyokuwa dunia. Kulikuwa na timu ya walimu, timu ya hospitali, na timu ya wachinjaji wa Majengo pale Embu mjini, Waislamu wenye heshima zao, waliokuwa wakikufunga mabao kisha wanakukaribisha maini ya kukaanga ili urudi nyumbani bila kinyongo. Sisi wa Kibugu tulikuwa Timu ya Majani, kwa sababu wachezaji wote walikuwa wachuma chai. Bingwa wa upande wa Embu alikutana na bingwa wa upande wa Meru kule Kinoru, na mshindi alipanda hadi ligi ambayo matokeo yake yalisomwa redioni.

Uwanja wetu ulikuwa kando ya kituo cha kuuzia majani, na ulikuwa umeinama kama paa. Ukicheza kuelekea juu unatapika, ukicheza kuelekea chini mpira unaingia shambani na watoto wote tunatumwa kuutafuta kati ya mashina ya chai, tunatoka tumelowa umande hadi kiunoni. Milango ya goli ilikuwa ya miti ya mkaratusi. Jezi tulizifua sisi wasichana mtoni, tukazianika juu ya chai, zikakauka na harufu ile ya kijani. Viatu vilivaliwa na wachache, wengine walicheza na nyayo za Mungu. Leo kijana hagusi mpira mpaka anunuliwe viatu vya rangi ya chungwa, halafu akishavaa anajipiga picha na kurudi kulala.

Na tulikuwa na desturi moja ambayo sidhani iliwahi kuwepo kwingine. Lori la majani lilikuwa halina saa. Lilipopiga honi pale kona ya kanisa, kila kitu kilisimama. Mpira pia. Mchezaji aliyekuwa nao aliukanyaga pale pale alipo, refa akashusha filimbi, na timu zote mbili, wenyeji na wageni, zikakimbilia kituoni kubeba magunia. Majani yakishapakiwa wanarudi, kila mtu anasimama pale alipokuwa, mwenye mpira anainua mguu, mchezo unaendelea. Wachinjaji wa Majengo walilalamika mwanzoni kwamba wananuka chai, lakini walizoea. Baba yetu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kituo. Alikuwa akituambia, "Majani yakilala yamekufa." Mpira hakuuchukia, ila aliuona kama mtu anavyoiona mvua ya manyunyu, jambo linalopita tu.

Kaka yangu Nyaga sasa. Jameni, mlimwona nyinyi? Mwembamba, mkimya, mguu wa kulia unaoongea. Alikuwa na tamaa moja tu maishani, jina lake lisomwe redioni. Basi. Mwaka ule tulipokuwa mabingwa wa upande wa Embu, Mama alinunua betri mpya za redio akazificha kwenye kopo la sukari, zisubiri ushindi.

Fainali ikaangukia Jumamosi, siku ya kuchuma, msimu wa mvua, chai imefurika. Kamati ikakubaliana kwamba lori litupeleke alfajiri na lirudi kupakia majani kabla ya giza. Tulijazana humo, wachezaji, akina mama na sisi watoto, tukafuata ile barabara ya zamani, Runyenjes, Chuka, kona juu ya kona, tukiimba nyimbo za kanisa tulizozibadilisha maneno. Tulikula nduma baridi njiani. Baba alikaa mbele na dereva. Alikuja kulinda lori, si kutazama mpira.

Kinoru mvua ikatupokea. Tukangoja, tukangoja, mechi ikaanza imechelewa vibaya. Watu wa Meru walijaa mpaka juu ya miti, wakitucheka kwa miguu yetu mitupu. Wakatufunga. Nyaga akasawazisha, na kicheko kikaisha. Kipindi cha pili ukabaki muda mdogo tu, bao moja kwa bao moja, sisi tukishambulia. Baba alikuwa amesimama nje karibu na lori, akitazama mawingu badala ya uwanja. Alijua Mama na wenzake wamekaa kituoni juu ya marundo ya majani. Akaona mechi inakaribia kwisha, akamwambia dereva apige honi, watu wajue tunaondoka.

Wakati huo huo Nyaga alikuwa amemzunguka beki wa mwisho. Mbele yake palikuwa na kipa peke yake, tena kipa ameteleza, yuko chini kwenye tope. Nilikuwa nimekwisha fungua mdomo kushangilia.

Honi ikalia.

Kaka yangu akaukanyaga mpira. Wenzake wote wakasimama wima na kugeuza shingo kuelekea lori, timu nzima, wawili wakaanza hata kukimbilia huko. Watu wa Meru walishangaa kidogo tu. Beki akauchomoa mpira chini ya mguu wa Nyaga, akaupiga mbele, na mshambuliaji wao akatembea nao hadi wavuni, maana hata kipa wetu alikuwa ameacha mlango. Refa akaweka mpira katikati, kisha akamaliza mechi. Sheria za Kinoru hazikujua desturi za Kibugu.

Katika lori hakuna aliyeimba. Baba alipopanda alimtazama Nyaga, akasema, "Mpira utachezwa hata kesho." Karibu na Chuka lori likazama kwenye tope, tukafika nyumbani jua la Jumapili limechomoza. Majani yalikuwa yameungua kwa kulala marundoni, mekundu, yanatoa mvuke. Karani wa kupima majani aliyakataa yote. Yakamwagwa nyuma ya kituo, kazi ya kijiji kizima, na Mama akarudi nyumbani kuzitia zile betri kwenye tochi.

Na hiyo kesho ya Baba nimeingoja mpaka nimeota mvi. Msimu uliofuata lori likakatazwa kubeba watu, timu ikakosa usafiri, ligi ikafa kimya kimya. Baba hakuomba msamaha, akaenda kaburini hivyo. Nyaga hakumlaumu kwa neno hata moja, lakini mguu wake haukugusa tena mpira. Mimi nawalaumu wote, na sioni aibu kusema. Uwanja ulikatwa ploti na wakubwa wasiotajika, na palipokuwa na mlango wa chini sasa pana ukumbi wa TV. Humo ndimo Mwaniki anajifunzia Ujerumani yake.

Nyaga naye huenda kukaa humo Jumamosi, nyuma kabisa, na kofia yake. Lori la majani bado linapita. Enzi zetu honi ile ilisimamisha watu wote wa Kibugu na wageni wao. Siku hizi ikilia, vijana hawageuzi hata jicho, wako na Wajerumani wao. Ni kaka yangu peke yake anayeinua mguu wa kulia, akaushusha polepole sakafuni, akaukandamiza hapo mpaka lori lipite.