Kicheko cha Shamba la Jirani

Jirani yangu, aliyeolewa hapa Mukuyuni kutoka Kitui, ana pipa moja la maji. Mimi nina matangi mawili, na nimeyahesabu mara mbili nisije nikajidanganya. Lakini siku wanawake wa mwethya, kile kikundi cha leo kwako kesho kwangu, walipokuja kumchimbia mitaro ya kuzuia maji ya mvua, kicheko kilivuka ua kikanikuta nimekaa. Jua utosini, jembe mkononi, na wanacheka kana kwamba kazi ni ya mtu mwingine. Chakula chenyewe kilikuwa muthokoi mtupu, mahindi na maharagwe. Hata kitunguu sikunusa.

Niliona wivu, ule unaokwama kooni kama punje isiyoiva.

Mimi hununua embe mashambani nikauze mjini Wote. Mwenye mali akiniambia hiki hakiuzwi, najua mazungumzo yameanza. Basi nikajiunga na kikundi, na sikuficha sababu: nilikuwa nimeifuata ile furaha. Nikachimba kwa huyu, nikachimba kwa yule. Walipocheka nilicheka, nikichelewa kidogo, kama mtu anayeimba wimbo asioujua. Nilichorudi nacho nyumbani ni malengelenge.

Nikajiambia, ngoja zamu yangu.

Zamu ilipofika nilipika muthokoi kwa nyama, nikaongeza chapati, nikaweka soda kwenye maji baridi. Kisha nikasimama kando ya mtaro nisikilize. Wapi! Majembe tu, na "asante mama", "pole na kazi mama". Heshima tele, kama matangani.

Nikamvuta jirani kando. "Mbona kwako mlicheka hivyo?"

"Kwangu nilikuwa nachimba. Wewe umetusimamia kama karani wa kaunti. Tucheke, tunyimwe soda?"

"Soda mtapata."

"Basi nenda ukaziangalie, zisipate joto."

Sijafika mlango wa jikoni, kicheko kikalipuka nyuma yangu, kikubwa kuliko cha kwake, naapa. Nikarudi mbio, leso ikiburutika. Kikazima papo hapo. Mama mmoja akainama, akajifanya anatafuta jiwe.

"Mnacheka nini?"

"Hakuna kitu, mama."

Jirani akajipangusa macho. "Dada, kweli umeacha nyama peke yake?"

Nikarudi jikoni. Sufuria zilizobaki zilikuwa safi, nikaziosha tena. Nje walianza upya, mmoja akiiga sauti ya mtu, na sauti hiyo niliitambua: ilikuwa yangu, nikimlilia mkulima apunguze bei ya embe. Ameipata vizuri, mpaka kule kukohoa kwangu kabla ya kutaja bei. Walikuwa wanacheka juu ya udongo wangu, wakisubiri chakula changu, na mimi nimesimama nalionea wivu shamba langu mwenyewe.

Nikapunguza maji ya mfereji yasipige kelele, ili nisikie.